Viti vya baraza vya mbao ya paini: vipimo, mkato na hatua zote hadi kiti kisichoyumba

Malalamiko ni yale yale kila mwaka. Kiti kilitengenezwa Oktoba kikiwa imara, kufikia Machi kinalia kila mtu akikaa, na mvua za mwaka wa pili zikiisha miguu ya nyuma inabonyea kwa kucha. Fundi analaumiwa, misumari inalaumiwa, paini yenyewe inatukanwa. Ukikifungua kiti hicho utakuta makosa mawili: mbao iliungwa ikiwa mbichi, na vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, viliachwa vinywe maji. Vipimo na mpangilio wa hapa chini vimelenga kuyazuia hayo mawili, na havihitaji karakana wala ufundi wa kuchonga ndimi za kuungia. Anayeweza kukata mbao kwa mstari na kutoboa tundu lililonyooka atafika mwisho.

Utapata viti viwili vyenye mikono. Kila kimoja kina upana wa sm 65, kina cha sm 60 kwenye miguu, na egemeo linalofika sm 95 kutoka sakafuni. Sehemu ya kukalia iko sm 42 mbele na karibu sm 37 nyuma, ili mtu akikaa ajikute ameegemea bila kuteleza.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Mbao, zote za urefu wa futi 12, upana na unene kwa inchi, kwa viti viwili:

- 2 kwa 3: vipande 2
- 2 kwa 4: kipande 1
- 2 kwa 2: kipande 1
- 1 kwa 6: vipande 4, na cha tano cha akiba kama ni mara yako ya kwanza

Vyuma, vyote vilivyopakwa zinki:

- Bolti za mm 8, urefu sm 12: 20, pamoja na nati 20 na washa 40
- Skrubu za inchi 2: 160
- Skrubu za inchi 2½: 20
- Skrubu za inchi 3: 14
- Skrubu za inchi 4: 10
- Skrubu fupi za kufungia mpira wa nyayo: 8

Vingine: msasa namba 80 na 120, lita 2 za mafuta ya kitani yaliyochemshwa au rangi ya mafuta ya nje, kopo dogo la rangi yoyote iliyobaki nyumbani, tina kidogo ya kufutia utomvu, na kipande cha tairi kuukuu la pikipiki.

Zana: msumeno, randa, drili yenye biti za mm 8 na mm 3, skwea, tepu, klempu mbili, spana namba 13, bisibisi na penseli. Kama huna randa ya mashine, peleka mbao kwa mwenye mashine akurandie zote siku moja. Kuranda mbao hizi zote kwa mkono kunachukua siku mbili na kunaua hamu ya kazi.

Misumari haimo kwenye orodha kwa makusudi. Mbao hujaa maji wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na kila mzunguko unausukuma msumari nje kidogo. Bolti ikilegea unaikaza kwa spana. Msumari ukilegea unaupiga nyundo, tundu linapanuka, na mwezi ujao unaupiga tena.

## Kuchagua mbao

Kwenye Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mbao nyingi za paini zinazouzwa Mbeya na Iringa zinatoka Mufindi, kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill au kwenye mashamba ya watu binafsi ya huko na ya Njombe. Tofauti ni kubwa. Miti ya watu binafsi mara nyingi huvunwa ikingali michanga, na mbao yake ni nyepesi, yenye duara pana za ukuaji na mafundo mengi. Angalia kichwa cha mbao: duara zikiwa zimebanana, mm 5 au chini ya hapo, chukua. Zikiwa pana kama kidole, iache ikajenge kenchi.

Kataa mbao yenye kiini cha mti katikati, ile alama ndogo ya duara inayoonekana kichwani. Itapasuka hapo hapo na kujikunja hata ukiikausha kwa upole. Kataa pia fundo lililo ukingoni, kwa sababu papi (kibao chembamba) ya kukalia huvunjikia kwenye fundo la ukingoni. Fundo dogo la katikati, lililoshikana vizuri na mbao, halina tatizo.

Madoa ya bluu yanayotokea kwenye paini iliyopasuliwa wakati wa mvua ni ukungu wa rangi tu. Hayapunguzi nguvu. Kama utapaka rangi, nunua na uombe upunguziwe bei.

Mbao za dingdong, zile mashine ndogo za kuhamishika za kupasulia magogo, huwa na unene usio sawa: mwanzo inchi moja, katikati inchi moja na robo, mwisho pungufu. Pima sehemu tatu kabla ya kulipa. Kwa viti hivi, 1 kwa 6 lazima ibaki na mm 20 baada ya randa, kwa hiyo mahali pembamba kuliko pote pasipungue mm 23.

Mbao nyingine? Msaipresi ukiupata ni bora kuliko paini kwa nje, na vipimo havibadiliki. Mninga ni mzuri kupita yote ila bei yake ni ya kitanda, si ya kiti cha barazani. Mlingoti (mkaratusi) uache: unapasuka, unajipinda, na ukikauka unavunja biti.

Kuna pia mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia. Zinadumu, lakini ukizitumia vaa kitambaa puani unapokata na kupiga msasa, na usizichome makombo yake jikoni wala kumwaga majivu yake bustanini, kwa kuwa dawa hiyo mara nyingi ina sumu ya arseniki. Dawa pia haifiki moyoni mwa kila mbao, kwa hiyo kila kichwa unachokikata upya bado kinahitaji kuzibwa.

## Hatua ya 1: Kausha, na upime kwamba imekauka

Hapa ndipo viti vingi hufia, kabla hata ya msumeno kushikwa. Mbao mbichi ya paini yenye upana wa sm 15 ikikauka inaweza kupungua mm 5 hadi 7 kwa upana. Kwa urefu haipungui kiasi cha kuonekana. Ukiifunga kwa bolti ikiwa mbichi, inasinyaa ndani ya bolti, washa inabaki ikicheza, na kiti kinaanza kuyumba bila mtu kukosea chochote siku hiyo. Kauli ya muuzaji kwamba "hii imekaa mwezi mzima" haina maana kama ilikaa imelaliana juu ya udongo.

Panga hivi:

1. Paka rangi ile iliyobaki kwenye vichwa vyote viwili vya kila mbao, siku ile ile uliyoinunua. Maji hutoka haraka zaidi kichwani kuliko ubavuni. Kichwa kikikauka peke yake kinapasuka, na unapoteza sm 10 kila upande.
2. Weka matofali au magogo ili safu ya chini iwe angalau sm 30 juu ya ardhi. Chini ya hapo mchwa wanakaribishwa.
3. Kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya unene wa sm 2.5, kila baada ya sm 50, na vijiti vya safu zote vipangwe kwenye mstari mmoja wa wima. Kijiti kikihama upande, mbao inapinda pale pale.
4. Weka mawe juu ya safu ya mwisho. Paini isiyo na uzito juu yake hujisokota.
5. Funika juu kwa bati, acha pande zote wazi, na pasiwe na jua la moja kwa moja.

Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya nyanda hizi ni kavu na kazi inakwenda. Mbao ya inchi moja huhitaji kama wiki 6 hadi 8, ya inchi mbili miezi 3 au zaidi. Tukuyu na milima ya Makete, penye ukungu na mvua ndefu, ongeza muda. Iringa mjini na Makambako, penye upepo, shida ni kinyume chake: upepo ukipiga moja kwa moja mbao inapasuka uso. Tundika magunia upande unaotoka upepo.

Usikisie kama imekauka. Chagua mbao moja ya 2 kwa 4, ipige alama, na uipime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao, kila baada ya siku 7. Andika uzito kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Mwanzoni itapungua haraka. Wiki mbili mfululizo zikipita uzito ukiwa haujashuka hata kwa gramu 100, imekauka kadiri hewa ya kwenu inavyoruhusu, na sasa unaweza kuranda.

Hesabu miezi kutoka nyuma: mvua huanza Novemba, kwa hiyo mbao inunuliwe Juni, kazi ifanyike mwishoni mwa Septemba.

## Hatua ya 2: Randa na ukate

Baada ya randa, 2 kwa 3 iwe mm 45 kwa 70, 2 kwa 4 iwe mm 45 kwa 90, 2 kwa 2 iwe mm 45 kwa 45, na 1 kwa 6 iwe na unene wa mm 20. Usiipasue 1 kwa 6 bado. Kata urefu kwanza, ndipo upasue katikati kupata papi za upana wa sm 6.5.

Kwa kiti kimoja kata hivi, na kwa viwili zidisha mara mbili:

- Miguu: 4, sm 60 (2 kwa 3)
- Mbao ya mgongoni: 1, sm 65 (2 kwa 3)
- Mbao za ubavu: 2, sm 62 (2 kwa 4)
- Nguzo za egemeo: 2, sm 72 (2 kwa 2)
- Vibao vya kushikia mikono: 4, sm 7 (masalio ya 2 kwa 2, uvirande unene mmoja hadi sm 3.5)
- Mbao ya mbele: 1, sm 65 (1 kwa 6 bila kupasuliwa)
- Mikono: 2, sm 66, upana sm 11 (1 kwa 6)
- Papi za kukalia: 7, sm 55.5, upana sm 6.5
- Papi za egemeo: 7, sm 47, upana sm 6.5

Miguu yote minne ina urefu mmoja. Kata mmoja, uhakikishe kwa skwea, kisha utumie huo huo kuchorea mingine yote. Usichoree wa tatu kwa kutumia wa pili. Unene wa mstari wa penseli hujikusanya, na mguu wa nane unajikuta una mm 5 za ziada.

Kipande cha kwanza cha 2 kwa 3 kinatoa miguu mitano. Cha pili kinatoa miguu mitatu na mbao mbili za mgongoni. Ukijaribu kutoa miguu sita kwenye kipande kimoja, wa mwisho unaweza kubaki mfupi na utalazimika kurudi kununua.

Umefaulu kama miguu yote ikisimamishwa pamoja juu ya meza, kiganja kikipita juu yake hakikwami popote.

## Hatua ya 3: Unga mbavu mbili, moja kinyume cha nyingine

Kosa la kawaida kuliko yote katika kazi nzima ni kutengeneza mbavu mbili za kushoto. Zuia hivi: laza jozi zote mbili za miguu sakafuni kwa pamoja, miguu ya mbele ikiangaliana katikati kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa. Andika "MBELE" kwenye kila mguu wa mbele. Uso unaoutazama sasa, kwa pande zote mbili, ni uso wa ndani, na mbao za ubavu zinakaa juu ya uso huo.

1. Laza mguu wa mbele na wa nyuma kwa upana wake wa sm 7, ili kutoka ukingo wa mbele wa mguu wa mbele hadi ukingo wa nyuma wa mguu wa nyuma iwe sm 60 kamili. Hakikisha nyayo zote mbili ziko kwenye mstari mmoja. Zisukume zigote ukutani au kwenye ubao ulionyooka.
2. Kwenye mguu wa mbele weka alama sm 40 kutoka unyayoni. Kwenye wa nyuma weka alama sm 33.5, ukipimia ukingo wake wa nyuma.
3. Laza mbao ya ubavu juu yake, ukingo wake wa juu ukipita kwenye alama zote mbili. Itachomoza kidogo mbele na nyuma. Chora mstari kufuata kingo za miguu, kisha ukate. Usiiache ichomoze mbele, maana mbao ya mbele haitakaa.
4. Bana kwa klempu. Toboa matundu mawili ya mm 8 kila mguu, yakiwa mshazari, kila tundu angalau sm 2 kutoka ukingo wowote. Matundu yaliyo kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao huipasua. Ya mshazari hayaipasui.
5. Kabla ya kupitisha bolti, paka mafuta au rangi ndani ya tundu na kwenye nyuso mbili zinazokutana. Hapo maji yakishaingia hayatoki, na ukishafunga hutapafikia tena.
6. Bolti iingie kutoka nje, washa pande zote mbili, nati ndani. Kaza mpaka washa ianze kuzama kwenye mbao, uishie hapo.

Tundu likitoboka likiwa limeinama, bolti itatokea ndani karibu na ukingo. Kama mkono wako haujazoea, mwambie mtu asimame pembeni akutazamie drili kwa upande usiouona wewe.

Umefaulu kama ubavu ukisimamishwa peke yake, ukausukuma mbele na nyuma kwa juu, pembe kati ya mguu na mbao haibadiliki.

## Hatua ya 4: Unganisha mbavu

Simamisha mbavu mbili, nafasi kati ya miguu kwa ndani ikiwa sm 56.

Mbao ya mbele inakaa kwenye uso wa mbele wa miguu, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na ukingo wa juu wa mbao za ubavu. Skrubu nne za inchi 2 kila upande. Upana wake wa sm 14 ndio unaozuia kiti kuyumba kushoto na kulia. Anayeubadilisha kwa papi nyembamba ili kuokoa mbao ataona matokeo ndani ya mwezi.

Mbao ya mgongoni inahitaji kona moja iondolewe kwanza. Kwenye uso utakaotazama mbele, pima sm 3 kutoka juu kwenda chini, na kwenye ukingo wa juu pima sm 1 kwenda ndani. Randa kona hiyo mpaka mistari miwili ikutane. Mteremko huo ndio mlalo wa egemeo, sm 1 nyuma kwa kila sm 3 za kwenda juu, na nguzo zitaulalia kikamilifu badala ya kugusa ncha tu.

Ifunge kwenye uso wa nyuma wa miguu ya nyuma, ukingo wake wa juu ukiwa sm 57.5 kutoka sakafuni, kwa skrubu mbili za inchi 4 kila upande. Tangulia na biti ya mm 3. Skrubu ndefu isiyotanguliwa na tundu hukatika shingo, na kuichomoa ni kazi ya nusu siku.

Sasa pima mshazari kwa juu: kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kinyume chake. Tofauti isizidi mm 3. Ikizidi, legeza, sukuma, kaza tena. Usiseme papi zitanyoosha. Papi zitafuata upogo uliopo.

## Hatua ya 5: Nguzo za egemeo

Kwenye ukingo wa juu wa kila mbao ya ubavu, pima sm 49 kutoka mbele na uweke alama. Uso wa mbele wa nguzo unapita hapo. Nguzo inakaa upande wa ndani wa mbao ya ubavu, chini inakaribia ukingo wa chini wa mbao hiyo, na juu inaegemea ule mteremko ulioranda.

Bana, toboa, na ufunge bolti moja chini. Ongeza skrubu moja ya inchi 3 pembeni ya bolti, kutoka ndani, ili nguzo isizunguke. Juu, skrubu mbili za inchi 3 kutoka nyuma ya mbao ya mgongoni, ziwe ubavu kwa ubavu, zikipita katikati ya mteremko.

Weka ubao ulionyooka juu ya nguzo zote mbili na uchungulie. Nguzo moja ikiwa mbele ya nyingine, hata kwa mm 5, papi zitakuwa na msokoto na mgongo wa mkaaji utaujua.

## Hatua ya 6: Ziba vichwa, kisha papi

Kabla ya papi yoyote kufungwa, chovya au paka vichwa vyake mara tatu, ukingoja dakika 20 kati ya mpako na mpako. Utaona mpako wa kwanza unatoweka machoni pako: kichwa cha paini kinanyonya kama mrija, kwa sababu ndiyo njia ambayo mti ulipandishia maji. Mpako wa tatu ukibaki unang'aa juu, kimeshiba. Fanya vivyo hivyo kwenye nyayo za miguu kwa kukigeuza kiti juu chini. Maji ya kudekia baraza huingia hapo kila siku, mvua iwepo isiwepo.

Papi ya kwanza ya kukalia iwe sawa na uso wa mbao ya mbele. Zungushia ukingo wake wa mbele kwa randa mpaka uwe mviringo, la sivyo utazuia damu kupita nyuma ya magoti. Zinazofuata ziachane mm 8. Tumia kipande cha mbao cha unene huo kama kipimo, usitumie jicho. Ikibaki nafasi ya kama sm 1 kati ya papi ya mwisho na nguzo, ni sawa.

Papi za egemeo zianze sm 4 juu ya sehemu ya kukalia na ziachane sm 2. Ukingo wa juu wa kila papi uinamishe kidogo kwa randa kuelekea mbele ili maji yasikae.

Kila papi ina skrubu mbili kila upande, sm 2.2 kutoka kichwani, na zote zitanguliwe na biti ya mm 3. Kichwa cha skrubu kiwe sawa na uso wa mbao. Kikizama sana kinatengeneza kijikombe cha maji.

Kuna wanaobana papi bila nafasi ili kiti kionekane kama meza. Mvua ya kwanza ya Desemba inazivimbisha, hazina pa kwenda, zinainuka katikati na kung'oa skrubu.

## Hatua ya 7: Mikono

Funga kibao kimoja kwenye uso wa ndani wa kila mguu, juu kabisa, upande wake wa sm 4.5 ukiwa wima, kwa skrubu mbili za inchi 2½. Laza mkono juu ya miguu ukichomoza sm 5 mbele, na kwa ndani upite uso wa mguu kwa sm 4, usizidi, usije ukagusa nguzo.

Skrubu za mkono zitoke chini, zikipita kwenye kibao. Chimba kwanza tundu pana la kina cha sm 1 ili kichwa kizame, ndipo skrubu ya inchi 2 ifike ndani ya mkono bila kutokeza juu. Kwa njia hii uso wa juu wa mkono hauna hata tundu moja. Kikombe cha chai kitawekwa hapo, na maji yatapata njia moja tu, ya kuteremka nje.

## Hatua ya 8: Nyayo

Kiweke kiti mahali palipo sawa kabisa. Kikicheza, usikate mguu mmoja kwa kubahatisha, maana utakata mwingine, na mwingine tena. Weka vikabari vya karatasi chini ya mguu unaoelea mpaka kitulie, chukua kibao cha unene wa mm 10, weka penseli juu yake na uzungushe mstari kwenye miguu yote minne. Kata kufuata mstari huo, na uzibe vichwa tena.

Kata duara nne za mpira wa tairi na uzifunge chini kwa skrubu fupi moja moja. Zinainua mbao juu ya saruji iliyolowa. Kipande cha kandambili hakifai.

## Hatua ya 9: Msasa na mpako

Msasa namba 80, kisha 120, ukifuata nyuzi. Utomvu unaotoka kwenye mafundo ufute kwa tina kwanza.

Vanishi ya ndani haifai. Jua la nyanda za juu ni kali, linaikausha mpaka inapasuka vipande vidogo, maji yanaingia chini yake na mbao inakuwa nyeusi. Rangi ya mafuta ya nje ndiyo inayodumu zaidi. Mafuta ya kitani yanaonyesha mbao na ni rahisi kurudia, ila yanarudiwa kila mwaka. Oili chafu ya gari iachie nguzo za uzio; kwenye kiti itaishia kwenye nguo za wageni.

Paka mara tatu, nyembamba, saa 24 kati ya kila mpako. Anza saa nne asubuhi umande ukishakauka na umalize kabla ya saa tisa. Njombe na Makete mwezi wa Julai, mpako wa jioni unaamka ukiwa na ukungu mweupe.

Onyo moja lichukuliwe kwa uzito: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kurundikwa hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Yaanike moja moja nje mpaka yawe magumu, ndipo uyatupe.

## Kabla ya kumkalisha mgeni

Kaa wewe kwanza, kwa uzito wote, kisha uegemee na kuinua miguu ya mbele kidogo. Sikiliza. Mlio wa kavu wa mbao kwa mbao unamaanisha bolti ya kukaza. Mlio wa mpasuko, "ta", unamaanisha skrubu iliyofungwa bila tundu la biti. Itafute, itoe, tazama kama papi imepata ufa, na kama umepata ibadilishe leo.

Kaza nati zote baada ya wiki mbili. Baada ya hapo kaza mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, mbao ikiwa imesinyaa kuliko wakati wowote. Ukikaza Februari mbao ikiwa imejaa, nati zitabana vizuri siku hiyo na kulegea zote kiangazi. Siku hiyo hiyo ya Septemba kigeuze kiti, choma nyayo kwa ncha ya kisu, na popote kisu kinapozama kirahisi kwangua, kausha siku tatu juani, kisha uzibe upya.